Mchezo, Mwanasesere na Uhuru wa Dhamiri ya Mtoto

Swali la kama mchezo wa mtoto ni jambo lenye uzito, au ni upuuzi unaovumiliwa tu kwa sababu ya udogo wake, limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Katika zama hizi swali hilo limepata ukali mpya, kwa kuwa vichezeo, katuni na michezo ya simu vimekuwa bidhaa zinazobuniwa na kampuni kubwa na kuuzwa karibu kila pembe ya dunia, hata mtoto wa Mbagala na mtoto wa Chicago huweza kukua wakiwajua mashujaa walewale, wakitamani mavazi yaleyale na kuigiza mapigano yaleyale. Wazee waliosema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu waliuona ulimwengu kuwa mwalimu wa mwisho, anayemngoja mtu aliyekosa malezi ya nyumbani. Leo ulimwengu huingia sebuleni kabla mtoto hajajua kusema, nao humfunza akiwa bado mapajani mwa mama yake.

Ni vyema istilahi mbili zifafanuliwe mapema. Ujamiishaji ni mchakato unaomfanya mtu apokee lugha, desturi, kanuni na matarajio ya jamii yake mpaka yakawa sehemu ya nafsi yake, kiasi kwamba anayatii hata pale asipoonekana na mtu. Utamaduni pendwa ni jumla ya hadithi, nyimbo, picha, filamu, katuni na mitindo inayotengenezwa kwa ajili ya watu wengi na kusambazwa kwa njia ya biashara na vyombo vya habari. Kichezeo husimama mahali ambapo mambo haya mawili hukutana, kwa sababu ni kitu cha dukani au cha kujitengenezea kinachoshikwa na mikono ya mtoto, na kwa hicho mtoto hujaribu kuwa mtu mwingine asiye yeye.

Kuhusu nguvu ya kichezeo, watu wengi hushika mojawapo ya misimamo miwili. Wa kwanza hudai kwamba kichezeo humuumba mtoto, hivyo mwenye kutaka watoto wema hana budi kuchuja wanavyochezea. Wa pili hudai kwamba mtoto ndiye anayekipa kichezeo maana, hivyo hakuna haja ya wasiwasi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba misimamo yote miwili imeliacha nje jambo lililo kuu. Athari ya kichezeo au ya kipindi cha katuni katika nafsi ya mtoto inategemea mambo mawili: kama kinamwachia nafasi ya kuamua na kupatana na wenzake, na kama yule aliyeileta hadithi iliyomo yuko karibu kiasi cha kuweza kuulizwa na mtoto na kujibu.

Mchezo mbele ya falsafa na dini

Plato, katika kitabu chake cha Sheria, aliuchukulia mchezo kuwa jambo la dola. Alishauri kwamba mtoto atakayekuwa mjenzi achezee kujenga vijumba, na katika sehemu ya saba ya kitabu hicho alionya kwamba watoto wanaobadilisha michezo yao hukua wakawa watu tofauti na wazazi wao, kisha hutamani sheria tofauti na desturi tofauti. Kwa hiyo alitaka michezo isibadilishwe. Mwanafunzi wake Aristotle, katika Siasa, alikubali kwamba michezo ya utotoni iwe mwigo wa kazi za baadaye na kwamba hadithi wanazosimuliwa watoto zisimamiwe na maofisa waliowekwa kwa kazi hiyo. Wote wawili waliuona ukweli mmoja mkubwa, kwamba katiba ya jamii huandikwa kwanza uwanjani mwa watoto. Lakini hofu ya Plato ilimpeleka mbali mno, kwani mchezo usiobadilika hata kidogo hauwezi kumfundisha mtoto kwamba kanuni zina sababu, na kwamba sababu hizo zinaweza kupimwa.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliliangalia jambo hili kwa jicho la dhamiri. Katika Maungamo anasimulia kwamba alipokuwa mtoto alipigwa kwa kucheza mpira badala ya kusoma, naye anakiri kwamba kutotii kulikuwa dhambi. Hata hivyo anaeleza pia kwamba michezo ya watu wazima huitwa shughuli, na kwamba mwalimu aliyempiga aliumizwa zaidi na wivu, pale aliposhindwa na mwalimu mwenzake katika hoja ndogo, kuliko mtoto alivyoumia kwa kushindwa katika mpira. Ni Augustino huyohuyo ambaye, mwaka 386 katika bustani huko Milan, alisikia sauti kama ya mtoto ikirudiarudia maneno kutoka nyumba ya jirani, akajiuliza kama kuna mchezo wowote wa watoto wenye maneno kama hayo, akaona hakuna anaoukumbuka, kisha akaipokea sauti hiyo kama amri ya Mungu iliyogeuza maisha yake.

Katika Biblia, nabii Zekaria anapoeleza Yerusalemu iliyorejeshewa amani, moja ya ishara anazozitaja ni njia za mji kujaa wavulana na wasichana wakicheza. Kurani nayo, katika sura ya Al-Hadid na kwingineko, huyaeleza maisha ya dunia kuwa ni mchezo na pumbao, maelezo ambayo baadhi ya watu wameyachukua kuwa ni karipio kwa mchezo wenyewe. Hata hivyo maneno hayo yanawalenga watu wazima wanaoshindana kwa mali na fahari wakaisahau akhera, wala hayamlaumu mtoto. Katika sura ya Yusuf, ndugu zake wanapomwomba baba yao amruhusu Yusuf aende nao kufurahi na kucheza, Nabii Yaakub haukemei mchezo. Anachokihofia ni mbwa mwitu, yaani hatari itakayomfika mtoto wakati walio naye wameghafilika.

Ushahidi mzito zaidi ni ule wa Bibi Aisha, mke wa Mtume. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na rafiki zake, na kwamba wasichana hao walipojificha kwa haya Mtume Muhammad (S.A.W.) alipoingia, yeye aliwarudisha ili waendelee kucheza na Aisha. Katika Sunan ya Abu Dawud kuna habari ya farasi aliyekuwa miongoni mwa wanasesere hao, mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume aliuliza ni kitu gani, akauliza tena farasi gani mwenye mabawa, na alipojibiwa kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa, alicheka. Wanazuoni wengi, pamoja na ukali wao kuhusu sanamu, waliwatoa wanasesere wa watoto katika katazo hilo, na baadhi yao walieleza kwamba sababu ni mafunzo ya malezi yanayopatikana humo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, kwa sababu kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo huua moyo wake, huzima akili yake na kumfanya atafute hila za kukikwepa chuo chenyewe.

Kanuni huzaliwa wapi

Wanasaikolojia na wanafalsafa wa karne ya 20 walilichunguza kwa karibu jambo ambalo wanazuoni hao walilihisi. Jean Piaget, Mswisi aliyechapisha uchunguzi wake kuhusu uamuzi wa kimaadili wa mtoto mwaka 1932, alikaa na watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi na kuwauliza kanuni za mchezo zimetoka wapi na kama zinaweza kubadilishwa. Watoto wadogo waliziona kanuni kuwa takatifu, zilizowekwa na wakubwa na zisizogusika, ijapokuwa wao wenyewe walizivunja bila kujua. Walipokaribia miaka 10 au 11, walianza kuelewa kwamba kanuni ni mapatano: inaweza kubadilishwa wachezaji wote wakiridhia, na mara inapokubaliwa humfunga kila mmoja. Piaget aliona hapo maadili ya aina mbili, yale ya kutii kwa sababu mkubwa ameamuru na yale ya kutii kwa sababu mtu amekubaliana na walio sawa naye. Na kwa maoni yake aina ya pili hukua hasa miongoni mwa wenzi, mahali ambapo hakuna mkubwa wa kukata shauri.

George Herbert Mead, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Chicago ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1934 baada ya kifo chake, alitofautisha hatua mbili. Katika ya kwanza mtoto huigiza mtu mmoja mmoja, mara mama, mara polisi, mara mwuza duka. Katika ya pili huingia kwenye mchezo wenye timu, ambamo humlazimu kuyabeba akilini majukumu ya wachezaji wote kwa wakati mmoja. Mtoto anayeyaweza haya, alieleza Mead, ameanza kujitazama kwa macho ya jamii nzima, na hapo ndipo nafsi yake inapokamilika kuwa nafsi ya kijamii.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933, aliongeza jambo lenye uzito wa kifalsafa. Alieleza kwamba mtoto aliyekubaliana na wenzake kuwa peremende ni kitu kisicholiwa huizuia tamaa yake na haili, si kwa kuogopa adhabu, bali kwa kuwa furaha ya mchezo ni kubwa kuliko utamu wa peremende. Kwa watu wengi kanuni na tamaa ni maadui. Ndani ya mchezo, kanuni yenyewe hugeuka kuwa kitu kinachotamaniwa. Wanafalsafa wa maadili wameijadili kwa karne nyingi maana ya kujitawala, yaani hali ya mtu kujiwekea sheria na kuitii kwa hiari, na mtoto wa miaka mitano huifikia hali hiyo kwa muda anaocheza, kabla hajaweza kuifikia katika maisha ya kawaida.

Mwenye kutaka kuyaona haya hahitaji kwenda Uswisi. Katika rede, msichana anayekwepa mpira katikati huku wenzake wawili wakimlenga hupaswa kukiri mwenyewe kwamba ameguswa, la sivyo mchezo huvunjika. Katika kombolela, aliyejificha huweza kuokoka peke yake, lakini sifa humwendea yule anayehatarisha usalama wake kwa kulikimbilia kopo ili awakomboe waliokwisha kukamatwa. Katika kujipikilisha, ambako watoto wa Kenya hukuita kalongolongo, mchanga huwa unga na majani huwa mboga, na anayekuwa mama hujifunza kugawa sahani kwa haki, kwa sababu wageni wake watasusa akiwapunja. Wanaocheza hubishana sana, na mtu mzima anayewasikiliza huweza kudhani kwamba ubishi huo unapoteza muda wa mchezo, ilhali ndani ya ubishi huo ndimo kanuni zinamozaliwa.

Haifai hata hivyo kuusifu mchezo wa watoto kana kwamba hauna doa. Watoto huwatenga wanyonge, huwacheka wenye ulemavu, na katika kujipikilisha mara nyingi baba huketi akingoja chakula huku mama akitumwa huku na huko, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyoona nyumbani. Mchezo huyapokea maovu ya jamii sawasawa na mema yake. Tofauti ni kwamba katika mchezo wa namna hii mtoto aliyechoka kutumwa huweza kusema kwamba leo yeye ndiye baba, na wenzake wakakubali au wakakataa. Uwezekano wa kubadilisha zamu uko mikononi mwao wenyewe.

Mwanasesere na thamani ya mtu

Ushahidi unaojulikana zaidi kuhusu kichezeo na nafsi ulitoka Marekani. Kenneth Clark na mkewe Mamie Clark, wanasaikolojia Weusi, waliwaonyesha watoto Weusi 253 wa umri wa miaka 3 hadi 7, wa Arkansas katika kusini na Massachusetts katika kaskazini, wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ngozi na nywele, kisha wakawauliza ni yupi mzuri, yupi mbaya, na yupi wangependa kucheza naye. Karibu theluthi mbili walichagua kucheza na mwanasesere mweupe, na wengi walimtaja yule mweusi kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1947, na mwaka 1954 kazi ya Kenneth Clark ilitajwa na Mahakama Kuu ya Marekani katika tanbihi ya hukumu ya Brown, iliyobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Jaribio hilo husomwa mara nyingi kama uthibitisho kwamba mwanasesere mweupe huharibu moyo wa mtoto mweusi, lakini halikuthibitisha hilo. Wanasesere wale hawakuwafundisha watoto hao chochote, maana waliwekwa mbele yao kwa muda mfupi tu; walichofanya ni kukidhihirisha kile ambacho shule, mitaa, sinema na matangazo vilikwisha kukifundisha. Kichezeo kilikuwa kioo cha jamii. Uzito wa kimaadili wa jambo hili unazidi badala ya kupungua, kwa sababu kioo kikionyesha uso mchafu haitoshi kubadilisha kioo, ilhali ni uso unaohitaji kuoshwa.

Hata hivyo kuna ushahidi kwamba kitu chenyewe kinaweza pia kugusa nafsi. Barbie, aliyezinduliwa mjini New York mwaka 1959 na Ruth Handler wa kampuni ya Mattel, alibuniwa kwa kufuata mfano wa Lilli, mwanasesere wa Kijerumani aliyetokana na katuni ya gazeti na kuuzwa hasa kwa watu wazima. Kabla yake, wasichana wengi wa Marekani walipewa wanasesere wa watoto wachanga, ambao waliwafanya wajione kuwa mama. Barbie aliwataka wajione kuwa mwanamke kijana, mwenye kabati la nguo, kazi na umbo lisilopatikana kwa mwanadamu wa kawaida. Mwaka 2006 Helga Dittmar na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti ambamo wasichana wadogo walioonyeshwa picha za Barbie waliridhika kidogo na miili yao kuliko wale walioonyeshwa picha nyingine, ingawa athari hiyo haikuonekana kwa namna hiyo kwa wasichana wakubwa zaidi katika kundi hilo. Inafaa kuzingatiwa kwamba wasichana hao walitazama picha, hawakucheza. Waliletewa umbo lililokamilika na wakaachwa wajilinganishe nalo, bila mwenzi wa kubishana naye na bila nafasi ya kumfanya Barbie kuwa kitu kingine.

Kubadilisha vazi na kubadilisha hadithi

Jamii mbalimbali zilizoona hatari ya Barbie zilijibu kwa kumtengenezea mbadala. Iran ilileta wanasesere Sara na Dara mwaka 2002 kwa juhudi za taasisi ya serikali inayoshughulikia makuzi ya watoto. Mwaka 2003, mwaka ambao polisi wa dini wa Saudi Arabia walimtaja Barbie kuwa tishio kwa maadili, kampuni ya NewBoy ya Syria ilimtoa Fulla, mwenye abaya, hijabu na mkeka wa kuswalia, naye akapendwa sana katika nchi za Kiarabu. Nchini Nigeria, Taofick Okoya alianzisha mwaka 2007 wanasesere wa Queens of Africa, wanaovaa mavazi ya Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba. Mattel nayo ilikwisha kumtoa Christie mwaka 1968, mwaka 1980 ikamtoa mwanasesere mweusi wa kwanza aliyeitwa Barbie, na mwaka 2016 ikaongeza maumbo mengine ya mwili.

Juhudi hizi zina haki yake. Msichana anayeswali akimwona mwanasesere anayeswali, au mtoto mwenye ngozi nyeusi akimwona malkia mwenye ngozi kama yake, hupata ujumbe kwamba watu wa aina yake wanastahili kuwamo katika hadithi, na baada ya kazi ya akina Clark hakuna mtu makini anayeweza kuudharau ujumbe huo. Lakini kubadilisha vazi ni jambo moja, na kubadilisha uhusiano wa mtoto na kichezeo ni jambo jingine. Fulla naye aliuzwa pamoja na baiskeli, nafaka za kifungua kinywa na vifaa vya shule vyenye jina lake, na mtoto aliyempenda alijifunza stara na wakati uleule akajifunza kwamba mapenzi huonyeshwa kwa kununua. Somo la kwanza lilikuwa juu ya mwili wa mwanasesere. La pili lilikuwa katika mpango mzima wa biashara iliyomleta.

Mwana hiti wa Wazaramo husaidia kuipima hoja hii. Ni kigogo kidogo cha mti, chenye kichwa na nywele zilizoinuliwa kama kishungi, bila mikono wala miguu, alichokabidhiwa mwali akiwa ndani wakati wa unyago, akakitunza na kukipaka mafuta kama mtoto wake. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, alieleza jinsi kitu hicho kilivyofungamanishwa na uzazi na mwendelezo wa ukoo. Mwana hiti si kichezeo kwa maana finyu, kwa kuwa ni chombo cha unyago chenye uzito wa kiibada, lakini ndani yake mwigo wa mtoto na jukumu la mtu mzima hukutana. Umbo lake halimwambii mwali kiuno chake kiwe cha upana gani wala avae nguo ipi. Sura na sauti ya mtoto huyo ni lazima vitoke ndani ya mwali mwenyewe.

Yapo pia ya kusemwa dhidi yake. Mwana hiti alimwekea msichana mustakabali mmoja tu, ule wa kuzaa, na aliyejaliwa kipaji kingine au aliyekosa mtoto hakupata hadithi yake humo. Ni kosa basi kudhani kwamba vya jadi ni huru na vya dukani ni vya utumwa. Kinachomtofautisha mwana hiti ni kwamba hadithi yake ililetwa na somo, shangazi na bibi waliojulikana kwa majina, walioishi jirani na mwali, waliomjibu alipouliza na ambao wangelaumiwa iwapo mafunzo yao yangemdhuru. Mtengenezaji wa katuni aliye mbali hamjui mtoto anayemfundisha, hasikii swali lake, na hatakuwapo siku matunda ya mafunzo hayo yatakapoonekana.

Historia ya runinga ya Marekani inaonyesha umbali huo unavyoweza kugeuzwa kuwa mpango wa makusudi. Vichezeo vya He-Man viliingia sokoni mwaka 1982, na katuni yake ilifuata mwaka 1983 ili kuvitangaza. Mwaka 1984 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliondoa mipaka ya muda wa matangazo katika vipindi vya watoto, na katuni za aina hiyo zikaongezeka haraka. Walimu wa shule za awali walianza kuona watoto wakirudia mapigano yaleyale waliyoyatazama, kwa maneno yaleyale, na Nancy Carlsson-Paige pamoja na Diane Levin waliliandikia kitabu tatizo hilo mwaka 1987. Bunge la Marekani lilirudisha mipaka kwa sheria ya mwaka 1990, wakati Sweden ilikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku matangazo ya runinga yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 12. Mtoto anayeigiza vita vilivyotungwa kiwandani hukosa kitu ambacho mwenzake wa kombolela anacho, nacho ni uwezo wa kusimamisha mchezo na kuuliza kwa nini adui awe adui.

Utamaduni pendwa hauna ulazima wa kuwa hivyo. Ubongo Kids, katuni iliyoanza kurushwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, na Akili and Me iliyokusudiwa kwa watoto wadogo zaidi, zimeonyesha kwamba hesabu, sayansi na tabia njema zinaweza kufundishwa kwa Kiswahili na kwa nyimbo, na wahusika wanaofanana na watazamaji wao. Kipindi kinachomwachia mtoto fumbo la kulifumbua na wenzake baada ya runinga kuzimwa kimemkabidhi sehemu ya kazi.

Wajibu wa mtu mzima

Kutokana na haya yote, wajibu wa mzazi, mwalimu, shekhe na padri unaweza kuelezwa kwa uwazi. Dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki humtazama mtoto kama amana, yaani kitu kilichowekwa kwa mtu na mwenyewe wa kweli ambaye siku moja atakiulizia. Amana hii ina akili na hiari, na mwenye kuilinda hawezi kuitendea kama udongo usio na neno. Dhamiri haihamishwi kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kama mali ya urithi. Hukua pale mtoto anapojifunga kwa hiari kwenye jambo aliloliona kuwa haki, na mahali pa kwanza anapofanya hivyo ni mchezoni, pamoja na wenzake.

Wa kwanza katika wajibu huo ni kumpa mtoto muda na wenzi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 huitaja haki ya kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi anawiwa na mwanawe, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 huitamka katika ibara ya 31. Haki hiyo huvunjwa kimyakimya na masomo ya ziada yasiyo na kikomo, na viwanja vya mitaa vinavyogeuzwa kuwa maegesho na maduka, na kazi za nyumbani ambazo msichana huachiwa peke yake wakati kaka zake wako uwanjani. Mtoto aliyenyimwa wenzi atachezeshwa na simu, na simu haibishani naye wala haimdai haki.

Wa pili ni kupendelea vichezeo visivyokamilika, vile ambavyo bado vinahitaji mtoto ili viwe kitu. Gari la waya, mpira wa matambara, mwanasesere wa kitambaa na vipande vya mbao humtaka afikiri, atengeneze na ashirikiane, na huo si umaskini wa kuonewa aibu. Roland Barthes, mwandishi wa Ufaransa, alilalamika mwaka 1957 kwamba vichezeo vya nchi yake vilikuwa dunia ya watu wazima iliyopunguzwa ukubwa, vikamfanya mtoto awe mtumiaji badala ya kuwa muumbaji. Mzazi wa leo mwenye uwezo wa kununua kila kitu anapaswa kuiogopa hasara hiyo kama anavyoiogopa njaa.

Wa tatu, ambao ndio mgumu kuliko yote, ni kuuliza na kusikiliza. Habari ya farasi mwenye mabawa ni funzo kamili la ulezi: mtu mkubwa mwenye mamlaka alikiona kichezeo asichokielewa, hakukinyang'anya wala hakukipuuza, aliuliza mara ya kwanza na ya pili, akapokea jibu lililotoka katika hadithi ambayo mwenye kucheza aliifahamu, na akafurahi naye. Mzazi anayeketi na mwanawe mbele ya katuni ya kigeni na kumuuliza kwa nini shujaa ameshinda, nani amedhulumiwa, na yeye angefanya nini, hulifuta lile pengo la umbali, kwa sababu sasa yupo mtu wa kuulizwa. Hadithi iliyoandikwa na wageni hufunguka upya pale inapojadiliwa nyumbani, na mtoto aliyezoea kuihoji katuni atakapokuwa mtu mzima hatashindwa kuihoji hotuba, tangazo wala amri dhalimu. Kwa sababu hiyo jamii inayotaka raia waaminifu na waumini wenye dhamiri hai haina budi kuulinda uwanja wa watoto kwa bidii ileile inayoilinda mahakama na nyumba ya ibada, kwa kuwa haki na ibada, ili ziwe za kweli, zinamhitaji mtu aliyekwisha kujifunza kutii bila kushurutishwa.